Picha Kumi za Mwanzo

Aliyefuta zile picha ni mimi. Naliandika hili kwanza, kabla sijasema lolote juu ya Fundi, kwa sababu najijua. Nikianza na habari zake nitaanza kumsifu, na nikimsifu sana nitapata mahali pa kujificha. Nimesoma mpaka kidato cha pili tu, na sijui kama ninayo maneno ya kumpima mtu mzima. Ila nina madaftari kumi na moja niliyoandika miaka ile, na Fundi yumo karibu kila ukurasa. Nitajaribu kumtoa humo alivyokuwa, mabaya kwa mazuri.

Ofisi yetu ilikuwa Kitale, vyumba vitatu nyuma ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kulikuwa na mradi wa utafiti juu ya watu waliopata kiharusi, watu wa Trans-Nzoia na Bungoma. Wagonjwa walipelekwa Nairobi kwenye mashine kubwa ya sumaku, wakapigwa picha za ubongo, na picha zikaletwa kwetu ndani ya sidii, ambayo tuliirudisha Nairobi baada ya kuhamisha. Mgonjwa naye alipewa sidii yake arudi nayo nyumbani. Mimi niliajiriwa kufagia na kupika chai. Baadaye, kwa vile nilikuwa na mikono safi na sikuwa mtu wa haraka, Fundi alinionyesha namna ya kuhamisha picha kutoka sidii hadi kompyuta.

Watu wa nje walimwita daktari wa picha. Aliwasahihisha kila mara. "Mimi si daktari, bana. Daktari ni yule mwenye gari. Mimi ni fundi." Basi sisi tukamwita Fundi, na mimi nikisema naye nilimwita Mzee.

Nieleze picha zenyewe kidogo, nisije nikampoteza anayesoma. Mgonjwa alidungwa dawa mkononi, na mashine ikawa inapiga picha ya kichwa chake chote mara sitini, moja baada ya nyingine, dakika mbili hazijaisha. Dawa ikipanda na damu, ubongo unaingia giza kidogo pichani, halafu unarudi ulivyokuwa. Programu yetu ilifuata lile giza sehemu kwa sehemu, kisha ikachora ramani ya rangi: hapa damu inafika vizuri, hapa inachelewa, hapa haifiki. Kazi ya Fundi ilikuwa kuilisha programu picha na kupokea ramani. Na ile programu ilikuwa na maringo. Siku nyingi ilitema maneno mekundu ikasimama.

Sisi wengine tulikuwa watu wa kuzima na kuwasha. Yeye hakukubali. Alivuta kiti, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, akayasoma yale maneno mekundu kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwa wakwe. Neno asilolijua alilitafuta kwenye kamusi iliyokwisha majani ya mbele. Akimaliza anasema, "Haijakataa. Imeuliza. Rakini sisi hatujajibu." Alisema rakini, kama watu wengi wa kwao Bungoma. Mahali pengine nimemwandikia lakini, maana sitaki mtu amcheke.

Kisha aliandika. Alikuwa na daftari kubwa la jalada jekundu, kurasa amezipiga mistari kwa rula, safu tatu: Kosa, Sababu, Dawa. Safu ya kwanza aliijaza papo hapo. Ya pili ilingoja saa nzima, au siku, au wiki. Ya tatu hakuigusa mpaka ya pili ijae. Mtaalamu mmoja aliyekuja kurekebisha mtandao aliwahi kumwambia, "Mzee, si uiondoe programu uiweke upya? Itakubali tu."

"Itakubali," Fundi akasema, "na sitajua ilikuwa inaumwa na nini. Wewe ukienda hospitali unataka wakuzike halafu uzaliwe upya?"

Neno lake lingine lilikuwa "tena". Alibadilisha kitu kimoja, kimoja tu, akasema "Tena," nami nikabonyeza. Ikisimama, anakirudisha kile kitu kilivyokuwa, anabadilisha kingine. "Tena." Kuna siku nimeandika kwamba alisema tena mara thelathini na nne. Nilihesabu kwa kuchoka.

Siku moja ramani ya bibi mmoja kutoka mji wa Kwanza ilitoka nyekundu kichwa kizima, na nambari za pembeni zikasema damu yake ilichukua karibu saa mbili kufika kichwani. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Saa mbili? Huyu damu yake imepitia Lodwar?" Ilimchukua siku nne kujua. Mashine ya Nairobi iliandika muda kwa visehemu vidogo vya sekunde, vile ambavyo elfu moja ndiyo sekunde, na programu yetu ikavisoma kama sekunde nzima. Aliandika sababu, akaandika dawa, akamwita yule bibi kwa jina pale kwenye kioo: "Pole mama. Uko sawa. Kidogo tu upande huu."

Mara nyingine programu ilikuwa inajifunga yenyewe kwa wagonjwa fulani, bila hata neno jekundu. Wiki nzima. Mwisho Fundi alipanga majina yao kwenye karatasi, akayatazama, akapiga meza. Wote walikuwa na ng' katika jina. Ile alama ndogo ilikuwa inaiambia programu kwamba habari imeisha. "Ati Mzee Ong'ayo si mtu?" aliuliza kioo. "Ametoka Webuye mpaka Nairobi mguu unaburuta, halafu wewe unamfungia mlango kwa sababu ya kaalama?" Dawa ilikuwa kuwapa wagonjwa nambari badala ya majina. Alifanya hivyo. Lakini majina yao alibaki nayo kichwani, kwa sababu hakuwahi kufungua picha ya mtu bila kubisha hodi. Aliinamisha kichwa kidogo akasema, "Hodi. Samahani, naingia." Siku ya kwanza nilicheka.

"Unacheka nini, mayi?" Mayi ni neno la kwao la kumwita mwanamke kwa heshima, hata akiwa mdogo kama nilivyokuwa. "Wewe ungependa mtu aingie kichwani mwako bila hodi?"

Sasa niseme na upande mwingine, nisimfanye malaika. Huyo aliyebisha hodi kwa picha aliwafokea watu wazima wenye damu mwilini. Mwanamke mmoja alitoka Bungoma akauliza kama picha ya mume wake imetoka. Fundi hakunyanyuka. "Hapa si kliniki! Nenda kwa daktari!" Mwanamke akaondoka, mimi nikamfuata na kikombe cha maji. Katika daftari langu la siku hiyo nimeandika: Leo Fundi amekuwa mbaya. Siku mbili baadaye nilimkuta amefungua ramani ya huyo mume, nusu ya kichwa nyeusi, anaitazama na mikono imelala mapajani. Alikuwa akijua alipofoka. Sijui kama hilo linamtetea. Naliacha hapo.

Alitukataza kula karibu na kompyuta, na droo yake ilikuwa na njugu. Alikuwa mzee wa kanisa, na programu ikimzidi aliitukana kwa Kibukusu maneno ambayo nilikataa kutafsiriwa. Macho yake hayakupenda mwanga. Kabla ya sisi alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha giza cha eksirei, akiosha filamu kwa mkono. Kisha ikaja mashine isiyohitaji kuosha filamu, wakampa cheti cha shukrani na mkono wa kwaheri. Alikuwa ameweka kile cheti ndani ya kamusi. Nadhani ndiyo maana aligeuza kioo cha kompyuta kitazame ukutani, ili anayeingia asione anafanya nini.

Na ndiyo maana hakufundisha. Aliniambia bonyeza hapa, hamisha hapa, basi. Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini ni sitini? Si zinafanana?" Akasema, "Bonyeza tu." Nilimuuliza mara ya pili, karibu na Krismasi, zile za mwanzo ambazo hakuna kinachotokea ni za nini. Akacheka. "Mayi, ukijua yote, mimi nitafanya nini hapa?" Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Sasa nafika kwenye ile siku.

Ilikuwa mwezi wa pili, kabla ya kupanda. Fundi alifiwa kwao Mabanga, akawa anakimbilia mazishi. Kompyuta ilikuwa imejaa. Alisimama mlangoni na koti mkononi. "Mayi, hawa saba wa mwisho, chagua picha nzuri ubaki nazo, zingine futa. Mashine haina nafasi. Nikirudi tunaendesha."

Alichotaka najua leo. Wagonjwa wengine walitikisa kichwa ndani ya mashine wakapigwa picha upya, kwa hivyo walikuwa na mafungu mawili ya sitini. Alitaka nibakize fungu lililotulia. Mimi nilifungua mgonjwa wa kwanza nikaona picha zimepangwa mstari, na nikatafuta nzuri ndani ya huo mstari. Za mwanzo zilikuwa zinafanana zote, hakuna kitu. Za mwisho hivyo hivyo. Za katikati ndizo zilizokuwa na kazi, giza linaingia na kutoka.

Kwetu Kwanza tukichagua mbegu, tunashika gunzi la mahindi na kupukuchua kwanza ncha, kisha kitako, punje hizo tunawatupia kuku. Mbegu ni za katikati, zilizojaa na kulingana. Nimefanya hivyo tangu vidole vyangu vikiwa vidogo. Nikisema nilifikiri siku ile nitakuwa naongeza. Vidole ndivyo vilivyofikiri. Nilitoa kumi za mwanzo na kumi za mwisho kwa kila mgonjwa, wote saba, nikamwaga pipa la takataka la kompyuta kama alivyonifundisha, nikafagia ofisi. Daftari langu linasema: Leo nimesafisha wagonjwa saba. Fundi atafurahi.

Zile kumi za mwanzo ndizo zinazoonyesha ubongo ulivyo kabla dawa haijafika. Programu hupima giza kwa kulilinganisha na mwanga ule wa kwanza. Bila hizo ni kama kumuuliza muuguzi mtoto ameongeza kilo ngapi, na siku alipozaliwa hakuna aliyempima.

Fundi alirudi, akaketi, akabisha hodi, akasema, "Bonyeza." Maneno mekundu. "Tena." Maneno mekundu. Mgonjwa wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Siku ya tatu alihesabu picha akakuta arobaini mahali pa sitini. Alitukusanya sisi wafanyakazi wote wanne, Daktari mkuu wa mradi akiwa amesimama mlangoni, akanigeukia mimi.

"Mayi, ulipofuta, ulifuta zipi? Zile zilizotikisika tu?"

Nilikuwa nimeshika sinia. Mpaka saa hiyo sikuwa nimeelewa. Aliposema zilizotikisika, nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Zilizotikisika tu, Mzee," nikasema.

Naliandika neno kwa neno kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba nilisema sijui. Sikusema sijui.

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kwa kuwa aliniamini, aliitafuta sababu kila mahali pasipokuwa nayo. Alibadilisha waya. Alisafisha kisoma sidii kwa pamba na spiriti. Aliandika barua Nairobi akiuliza kama mashine yao inaruka picha, wakamjibu kwa ukali kwamba hairuki, na kwamba za kwao wameshazifuta. Aliandika ng'ambo kwa waliotengeneza programu, akawaambia programu yao inakula picha. Wiki tatu. "Tena. Tena." Na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza.

Daktari hakuwa mtu mbaya, naye nimtendee haki. Alimpa Fundi muda, akaja mara tatu kuuliza kwa upole. Lakini alikuwa na watu wake juu yake waliokuwa wanangoja ramani. Kila alipokuja Fundi alimwambia asiwe na wasiwasi, nakala ya pili ipo. Haikuwepo. Kanuni ilisema kila mgonjwa awekwe mahali pawili, Fundi alikuwa ameweka alama kwenye fomu kwamba ameweka, na hakuwa ameweka. Huo ulikuwa uongo wake mwenyewe na sikumsaidia kuutunga.

Halafu kulikuwa na ile saa ya chakula. Nilikuwa nimekuja na mahindi ya mbegu kutoka nyumbani, mama amenipa nimalizie kuchagua. Nilikaa barazani na ungo. Fundi alikuja na kikombe chake, akakaa kwenye kibao mbele yangu. Nilikuwa napukuchua ncha, natupa; napukuchua kitako, natupa.

"Hizo unatupa za nini?" aliuliza.

"Si mbegu hizo, Mzee. Mbegu ni za katikati."

"Na za mwanzo?"

"Za kuku."

Alitazama vidole vyangu, gunzi la kwanza, la pili, la tatu. Aliweka chai yake chini haijanywewa. "Nani alikufundisha?" akauliza.

"Si kila mtu anajua tu?"

"Ee," akasema. "Kwenu kila mtu anajua." Akaingia ndani.

Nimeandika haya yote jioni ile, pamoja na chai iliyobaki, na sikuona nilichokuwa nimeandika.

Kesho yake aliacha kubishana na programu. Alichukua begi akaenda kwa wagonjwa wote saba, nyumba kwa nyumba, kuomba zile sidii walizopewa. Alizunguka siku sita. Alirudi na nne. Alituhadithia habari za zile tatu zilizobaki huku akikwangua matope kwenye viatu, bila kututazama. Ya Webuye ilikuwa imetundikwa katika shamba la wimbi kufukuza ndege, upepo umeisugua kwenye kijiti mpaka unaona upande wa pili. Ya Mabanga ilikuwa kifuniko cha kikombe cha mgonjwa, imepasuka. Ya tatu, mwenyewe alikuwa amefariki. Watoto wake walimwekea ile sidii ndani ya jeneza pamoja na kitabu chake cha nyimbo, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ya mwisho kupigwa.

"Mngewaambia nini?" Fundi aliuliza viatu vyake. "Mimi niliwaambia mmefanya vizuri."

Wale wanne ramani zao zilitoka siku hiyo hiyo. Watatu hawakutoka kamwe. Niseme pia, kwa haki, kwamba ramani zile hazikuwa za kumtibu mtu. Zilikuwa za utafiti, hakuna aliyekufa kwa vidole vyangu. Nimeliandika hili mara nyingi katika madaftari yangu na bado halijanisaidia.

Daktari aliitisha kikao. Nilikuwa pale kwa sababu ya chai.

"Nakala ya pili iko wapi, Fundi?"

"Sikuiweka."

"Na nani alifuta?"

Nilikuwa namimina. Nilijiambia akinitazama tu, nitasema. Hakunitazama. Alitazama dirisha, na mwanga ulimuumiza macho, lakini alilitazama tu.

"Mashine ilikuwa mikononi mwangu, Daktari."

"Sijauliza hivyo."

"Ndivyo ninavyojibu."

Nikamaliza kumimina, nikatoka na chupa ya chai.

Mwisho wa mwezi, Daktari akiwa amemwachisha kazi, alikusanya vitu vyake. Kamusi, miwani, daftari jekundu. Njugu aliziacha. Kabla hajatoka aliigeuza ile kompyuta, kioo kikatazama mlango, akaniambia, "Usizime kabla hujasoma." Akaenda. Wiki iliyofuata Daktari aliniita akasema wewe umekaa na Fundi muda mrefu, unajua kazi, kaa hapo. Nilikaa. Kiti kilikuwa na shimo la mahali alipokaa yeye, na mwili wangu ukateleza humo kila siku miaka miwili, mpaka mradi ulipofungwa. Barua ya kumwambia ukweli niliianza mara tatu. Zote ziko katika madaftari, na zote zinaanza kwa kuuliza hali ya nyumbani, na zote zinaishia hapo.

Miaka minne baada ya kikao kile nilisikia kwamba Fundi mwenyewe amepigwa na kiharusi. Nilinunua sukari na mkate, nikaenda. Ni nje ya Bungoma, ukielekea Mabanga, nyumba ya bati yenye ua wa maua mekundu. Mke wake alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mayi. Wewe si yule wa Kitale? Alikuwa akikutaja sana, kabla mdomo haujafunga."

"Alipigwa picha ya kichwa, Mama?"

"Picha ya nini? Daktari alimtazama uso tu akasema ni hiyo. Nairobi mbali."

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha mbao, mahali pa kivuli. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu. Miwani ni ile ile, uzi mpya. Aliponiona, upande mmoja wa uso wake ulifurahi.

"Tena," akasema.

"Hilo ndilo neno lililobaki," mke wake akanieleza. "Maji anaita tena. Mimi ananiita tena. Maombi, tena."

Sikutaka kungoja chai, maana chai ingenipa kazi ya mikono. Nilipiga magoti pale kwenye simenti nikamwambia. Nilimwambia ncha na kitako, nikamwambia kumi na kumi, nikamwambia aliponiuliza mbele ya watu nilikuwa nimeelewa tayari, na nikamdanganya nikimtazama. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikuthubutu kugeuka.

"Tena," akasema Fundi.

Nikamwambia tena, yote. Nilipomaliza alisema tena. Sikujua kama anasikia. Sikujua kama anataka nirudie au anaomba maji. Nilianza kulia, na mke wake akapita kando yangu akaingia ndani. Nilifikiri amekasirika, na ningemwelewa. Alirudi na daftari jekundu.

"Alisema ukija nikupe. Miaka imepita, nikasema labda huji."

Lilikuwa na vumbi na alama ya kikombe juu. Nilifungua kurasa za mwisho zilizoandikwa. Mwandiko wake ule ule, mistari ya rula. Tarehe ilikuwa ya ile siku ya mahindi, kabla hajaenda kutafuta sidii, kabla ya kikao.

Kosa: Wagonjwa saba. Picha kumi za mwanzo hazipo, kumi za mwisho hazipo.

Sababu: Msichana alichagua kama mbegu. Hakujua za mwanzo ni za nini. Aliniuliza mara mbili, nikamwambia abonyeze tu.

Dawa ilikuwa tupu.

Alikuwa anajua. Alizunguka siku sita kwenye matope akijua, akakaa kwenye kikao akijua, akaigeuza kompyuta akijua. Na mimi nilikuwa nimebeba siri miaka minne kumficha mtu aliyekuwa ameiandika kwa wino.

Ningeweza kufurahi kwamba ameniandikia hivyo. Mtu mwingine angefurahi. Lakini niliisoma safu ya pili mara kadhaa na nikaona haijakamilika. Alikuwa ameandika kosa lake tu. La kwangu hakuliandika. Nikamwomba Mama kalamu. Chini ya maneno yake, ndani ya safu ile ile, niliandika kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili: Fundi aliniuliza nilifuta zipi. Nilijua. Nilidanganya. Alifukuzwa, nikakaa kwenye kiti chake.

Kisha nikamsomea, kosa na sababu, yake na yangu, polepole, kama alivyokuwa akiyasoma yale maneno mekundu. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika mwisho alinyoosha mkono wa kushoto akaweka kidole kwenye ukurasa, pale kwenye safu ya tatu. Hakukiondoa.

Sikuwa na la kuandika hapo. Nilitafuta, Mungu anajua nilitafuta. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Tena," akasema.

Nikarudi juu ya ukurasa, nikaanza kusoma.